Somnath Chatterjee: Spika aliyekataa kushuka kitini

Mapema Julai 2008, vyama vya mrengo wa kushoto nchini India vilimwandikia Rais Pratibha Patil kumjulisha kwamba haviiungi mkono tena serikali ya Waziri Mkuu Manmohan Singh. Barua hiyo iliambatana na orodha ya wabunge wao. Upande wa chama cha CPI(M), ambacho ni Chama cha Kikomunisti cha India cha Wamarxi, lilikuwamo jina la Somnath Chatterjee.

Chatterjee wakati huo alikuwa Spika wa Lok Sabha, bunge la chini la India, ambako serikali huundwa na kuangushwa. Ndiye aliyetarajiwa kuongoza kikao cha kupiga kura ya imani kwa serikali ileile ambayo chama chake kilikuwa kimeikataa kwa maandishi, kwa kutumia jina lake. Chama kilimtaka ajiuzulu uspika, arudi kwenye viti vya wabunge na kupiga kura ya kuiangusha serikali. Akakataa. Julai 22 aliongoza kikao mpaka mwisho na kutangaza matokeo. Kesho yake chama alichokitumikia miaka 40 kikamfukuza uanachama.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ugomvi wa mzee mmoja na wakubwa wa chama chake. Kwangu mimi ni mojawapo ya visa vinavyoonyesha waziwazi zaidi jinsi mfumo wa Bunge unavyofanya kazi, na mahali unapokwama. Ndani yake kuna swali ambalo nchi zote zilizorithi Bunge kutoka kwa Mwingereza hazijalimaliza: mbunge aliyepelekwa bungeni na chama akishachaguliwa kuwa Spika, chama kinabaki na mamlaka gani juu yake?

Nyumba yenye siasa mbili

Somnath Chatterjee alizaliwa Tezpur, Assam, Julai 25, 1929. Baba yake, Nirmal Chandra Chatterjee, alikuwa wakili mashuhuri wa Calcutta, jiji tunalolijua leo kama Kolkata, na kiongozi wa Hindu Mahasabha, chama cha utaifa wa Kihindu. Kwa hiyo mkomunisti huyu alilelewa katika nyumba ya siasa za upande wa pili kabisa.

Lakini baba mwenyewe hakuwa mtu wa kuwekwa kwenye kapu moja. Serikali ilipokipiga marufuku Chama cha Kikomunisti mwaka 1948 na kuwakamata viongozi wake, Nirmal Chandra alikuwa miongoni mwa waliosimama kutetea haki zao za kiraia, ingawa itikadi yao haikuwa yake. Katika harakati hizo akajenga ukaribu na Jyoti Basu, kijana wa kikomunisti aliyekuja kuliongoza jimbo la West Bengal kwa zaidi ya miaka 20. Katika uchaguzi wa 1967 mzee huyo aliingia Lok Sabha kutoka Burdwan akiwa mgombea binafsi, akiungwa mkono na mrengo wa kushoto.

Somnath alisoma Presidency College mjini Calcutta, kisha akaenda kusomea sheria Jesus College, Cambridge, na akasajiliwa wakili Middle Temple, London. Aliporudi aliendesha kesi katika Mahakama Kuu ya Calcutta. Uwakili huo haukumtoka hata alipogeuka mwanasiasa. Mtu akifuatilia maamuzi yake ya baadaye ataona kwamba kila alipobanwa alikimbilia kwanza kwenye maandishi: Katiba inasema nini, kanuni inasema nini, utaratibu uliozoeleka ni upi.

Alijiunga na CPI(M) mwaka 1968. Mwaka 1971 baba yake alifariki, na Somnath akagombea kiti kilekile cha Burdwan akashinda. Kuanzia hapo alichaguliwa kuingia Lok Sabha mara 10.

Alianguka mara moja tu, na anguko hilo lina historia yake. Oktoba 1984 Indira Gandhi aliuawa, na uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukafanyika nchi ikiwa bado na majonzi. Chama cha Congress chini ya mwanawe, Rajiv, kilizoa viti zaidi ya 400. Huko Jadavpur, ngome ya kushoto mjini Calcutta, Chatterjee aliangushwa na mwanamke mwenye umri wa miaka 29 ambaye nje ya Bengali hakuwa na jina kubwa: Mamata Banerjee. Ndiye huyohuyo aliyeuondoa mrengo wa kushoto madarakani West Bengal mwaka 2011, baada ya miaka 34 ya utawala usiokatika. Chatterjee alirudi bungeni mwaka 1985 kupitia uchaguzi mdogo wa Bolpur, eneo ambalo ndani yake kuna Santiniketan, mahali Rabindranath Tagore alipojenga chuo chake. Bolpur ikambakiza bungeni hadi alipostaafu.

Kuanzia 1989 hadi 2004 aliwaongoza wabunge wa CPI(M) katika Lok Sabha, na mwaka 1996 akatunukiwa tuzo ya mbunge bora. Wapinzani wake walimheshimu kwa sababu akisimama kuzungumza alikuwa ameshaisoma hoja yao vizuri pengine kuliko wao wenyewe.

Nidhamu ya chama cha kikomunisti

Ili uamuzi wa 2008 ueleweke, ni lazima kwanza tujue chama chake kiliishi kwa sheria gani. Katika vyama vya kikomunisti mjadala unaruhusiwa ndani ya vikao, hata mkali. Kura ikishapigwa, kila mwanachama anaubeba uamuzi kama wake, awe aliupinga au la. Na mbunge hahesabiwi kuwa mwenye kiti chake: amepelekwa na chama kufanya kazi ya chama.

Mfano mkubwa ulikuwa mbele ya macho ya Chatterjee. Mwaka 1996 hakuna chama kilichopata wingi wa viti, na muungano wa vyama vidogo ukamwomba Jyoti Basu awe Waziri Mkuu wa India. Angekuwa mkomunisti wa kwanza kushika wadhifa huo. Kamati Kuu ya CPI(M) ilikaa, ikapiga kura, ikakataa, kwa hoja kwamba chama kisiingie katika serikali ambayo hakina nguvu ya kuiendesha kwa sera zake. Basu akatii. Baadaye aliuita uamuzi huo kosa kubwa la kihistoria, lakini aliendelea kubaki ndani ya chama na kuheshimiwa na wote. Hivyo ndivyo mwanachama mwadilifu alivyotarajiwa kufanya, hata kama kilichokuwa kinamponyoka ni uwaziri mkuu wa nchi.

Baada ya uchaguzi wa 2004 CPI(M) ilikuwa na wabunge 43, idadi ambayo haijawahi kuifikia kabla wala baadaye. Pamoja na vyama ndugu vya kushoto iliamua kuiunga mkono serikali ya Manmohan Singh kutoka nje, bila kuchukua uwaziri wowote. Ila kiti cha Spika ilikikubali, na Juni 4, 2004 Chatterjee akachaguliwa bila kupingwa. Akawa mkomunisti wa kwanza kuongoza Lok Sabha. Msomaji alikumbuke hili: ni chama kilichomruhusu kukikalia kiti hicho.

Kiti kilichobaki njia panda

Uingereza walikotoka nao mfumo huu, Spika akichaguliwa hujivua uanachama wa chama chake kabisa, na kwa desturi vyama vikubwa havimsimamishii mpinzani katika jimbo lake la uchaguzi. Kwa hiyo hana sababu ya kuiogopa ofisi ya chama wala kuisujudia.

India ilichukua nusu ya desturi hiyo. Spika anatakiwa asiegemee upande wowote, lakini hakuna sheria inayomlazimisha kujitoa katika chama, na uchaguzi mkuu ukifika anarudi jimboni kutafuta kura akiwa na nembo ya chama kama mbunge mwingine yeyote. Spika wa kwanza, G. V. Mavalankar, alibaki mwanachama wa Congress. Neelam Sanjiva Reddy, aliyechaguliwa mwaka 1967, alifuata njia ya Uingereza akakihama chama. Lakini miaka miwili baadaye aliacha uspika akagombea urais kwa tiketi ya Congress ileile. Njia yake haikupata wafuasi.

Katiba nayo ina vifungu vinavyogusa moja kwa moja suala la Chatterjee. Ibara ya 100 inasema Spika hapigi kura katika duru ya kwanza; anapiga tu pale kura za pande mbili zinapolingana. Ibara ya 94 inasema Spika anaondolewa na azimio la wabunge walio wengi, kwa notisi ya siku 14, au anajiuzulu mwenyewe kwa barua kwa Naibu Spika. Chama hakitajwi popote. Ofisi ya chama inaweza kumwomba, kumshawishi au kumtisha Spika, lakini haiwezi kumshusha.

Kisha ipo Jedwali la Kumi, sheria ya kuzuia wabunge kuhama vyama, iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1985. Chanzo chake ni kero ambayo Watanzania waliopitia zama za wanasiasa “kuunga mkono juhudi” wataielewa mara moja. Mwaka 1967 huko Haryana, mjumbe wa baraza la kutunga sheria aliyeitwa Gaya Lal alibadili chama mara tatu katika muda wa wiki mbili, na serikali nyingi za majimbo zikaanguka kwa biashara ya namna hiyo. Jedwali la Kumi likasema mbunge anayejitoa kwa hiari katika chama chake, au anayepiga kura kinyume cha agizo la mnadhimu wa chama, anapoteza kiti. Jedwali hilohilo linamruhusu Spika kukihama chama akichaguliwa na kukirudia akimaliza muda wake, bila kuadhibiwa.

Mlango huo ulikuwa wazi kwa Chatterjee mwaka 2004, naye hakuupita. Alijiweka mbali na shughuli za chama, lakini kadi alibaki nayo. Namheshimu sana mzee huyu, ila hapa naona ndipo alipojitegea mtego. Laiti angekabidhi kadi siku ile, jina lake lisingekuwa na sababu ya kuingia katika orodha ya mtu yeyote miaka minne baadaye.

Wabunge 11 na kamera ya siri

Desemba 12, 2005, televisheni ya Aaj Tak ilirusha picha zilizochukuliwa kwa kamera ya siri na waandishi wa Cobrapost. Waandishi hao walijitambulisha kuwa wajumbe wa chama cha wenye viwanda vidogo vya India Kaskazini, chama ambacho hakikuwapo duniani, wakawaomba wabunge wawaulizie maswali bungeni kwa malipo. Wabunge 11 walionekana wakipokea noti: 10 wa Lok Sabha na mmoja wa Rajya Sabha, bunge la juu. Sita walikuwa wa BJP, chama kikuu cha upinzani wakati huo, watatu wa BSP, mmoja wa Congress na mmoja wa RJD. Aibu ilizigusa pande zote mbili za ukumbi.

Chatterjee hakusubiri. Aliwataka wahusika wasihudhurie vikao, akaunda kamati ya wabunge watano chini ya Pawan Kumar Bansal, na kamati ikaleta taarifa ndani ya siku chache. Desemba 23 Lok Sabha ilipitisha azimio la kuwafukuza wabunge wake 10, na Rajya Sabha ikamfukuza wa kwake siku hiyohiyo. Yaani siku 11 tangu picha zioneshwe. BJP ilitoka nje ya ukumbi kupinga kasi hiyo, na mjumbe wake katika kamati alikuwa ameandika maoni tofauti.

Waliofukuzwa walikwenda Mahakama ya Juu, na Mahakama ikatoa hati ya kumtaka Spika ajibu. Chatterjee akakataa kuipokea. Hoja yake ni kwamba Bunge ni mhimili unaojitegemea, na mambo ya ndani ya ukumbi wake hayaulizwi na mhimili mwingine. Haikuwa mara yake ya kwanza: Machi mwaka uleule alikuwa ameilalamikia vikali Mahakama kwa kuliamuru baraza la kutunga sheria la Jharkhand jinsi na siku ya kuendesha kura ya imani.

Januari 10, 2007 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu. Majaji wanne kati ya watano walisema Bunge lina mamlaka ya kumfukuza mbunge kwa utovu wa maadili, na hivyo uamuzi wa 2005 ukasimama. Lakini walisema pia kwamba Mahakama inaweza kuchunguza kama mamlaka hayo yametumiwa kwa kuvunja Katiba. Naona Chatterjee alikuwa sahihi kuhusu wezi na alikosea kuhusu hati ya Mahakama. Hukumu ile ndiyo iliyoutia uamuzi wake nguvu ambayo yeye mwenyewe, kwa kukaa kimya mbele ya majaji, asingeweza kuutia. Na Bunge lenye wingi wa serikali likiachiwa kufukuza wapinzani bila mtu wa kuuliza, siku moja litafukuza wasio na hatia.

Mambo yake mengine akiwa Spika nitayapitia haraka. Mwaka 2004 aliamuru kile kipindi cha wabunge kuibua hoja za dharura kionyeshwe moja kwa moja katika televisheni, na Julai 2006 Lok Sabha ikaanzisha chaneli yake ya saa 24. Mwaka huohuo wa 2006 naye alitikiswa na mjadala wa wabunge wenye vyeo vya umma vyenye maslahi, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa mamlaka ya maendeleo ya Santiniketan na Sriniketan. Mjadala huo ulimfanya Sonia Gandhi ajiuzulu ubunge na kugombea upya. Chatterjee aliokolewa na sheria iliyopitishwa kuviruhusu vyeo hivyo, sheria ambayo Rais A. P. J. Abdul Kalam aliirudisha bungeni kwanza kabla ya kuitia saini.

Julai 2008

Serikali ya Manmohan Singh ilikuwa imekubaliana na Marekani ya George W. Bush, tangu tamko lao la Julai 2005, kuhusu ushirikiano wa nyuklia ya kiraia. India ingepata teknolojia na madini ya urani kwa ajili ya umeme, licha ya kutosaini mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Kwa upande wake, ingefungua vinu vyake vya kiraia kwa wakaguzi wa kimataifa. Kwa wakomunisti hatari haikuwa vinu. Hatari ilikuwa India kufungwa katika gari la sera za nje za Washington. Katibu Mkuu wao, Prakash Karat, aliapa kwamba serikali ikiendelea na mkataba, wao watatoka. Serikali ikaendelea, nao wakatoka.

Mara moja hesabu za kura zikaanza. Kila mtu Delhi alikumbuka Aprili 17, 1999, pale serikali ya Atal Bihari Vajpayee ilipoanguka kwa kura 270 dhidi ya 269. Siku ile mmoja wa waliopiga kura alikuwa Giridhar Gamang, ambaye alikuwa ameshaapishwa kuwa Waziri Kiongozi wa Orissa lakini hajaachia ubunge. Spika alimwachia dhamiri yake iamue, naye akapiga kura dhidi ya serikali. Kwa nchi iliyopita katika hilo, kura moja ya Spika si jambo la kupuuza.

Sasa tuwasikilize CPI(M) wenyewe, maana hoja yao huwa inachekwa kirahisi mno. Walisema: chama kimefanya uamuzi mkubwa kuliko wote tangu 2004, na kila mbunge wake anawajibika kuubeba. Chatterjee amechaguliwa na watu wa Bolpur kwa nembo ya nyundo, mundu na nyota. Basu aliacha uwaziri mkuu kwa agizo la Kamati Kuu. Kwa nini huyu ashindwe kuacha uspika? Hoja hiyo ina uzito. Mtu aliyekubali nidhamu ya chama kwa miaka 40, akipanda ngazi kwa nidhamu hiyohiyo, ana deni nayo.

Chatterjee alijibu kwamba Spika huchaguliwa na Bunge zima, na aliyechaguliwa na wote hawezi kutumwa na upande mmoja. Aliudhika hasa kwa jina lake kuandikwa katika orodha ile iliyokwenda kwa Rais, kwa sababu Spika hana upande wa kuondoa wala kutoa uungaji mkono. Lilikuwapo pia jambo lililomkera kisiasa: akishuka kitini angepiga kura sawa na BJP, chama alichokipinga maisha yake yote. Zaidi ya hayo, kiti kingebaki kwa Naibu Spika Charanjit Singh Atwal, wa chama cha Akali Dal, mshirika wa BJP. Hivyo kujiuzulu kwa Spika kungekuwa na maana mbili kwa mpigo: kura moja zaidi ya kuiangusha serikali, na kikao cha kuiangusha kuongozwa na mtu wa upinzani.

Mimi nasimama upande wa Chatterjee. Spika akijiuzulu kwa agizo la chama siku moja kabla ya kura, basi uspika wake wote wa miaka minne unakuwa mkopo tu uliokuwa ukisubiri kudaiwa, na Spika yeyote atakayemfuata atatazamwa hivyohivyo.

Mjadala ulichukua siku mbili, Julai 21 na 22. Wabunge waliokuwa wakitumikia vifungo walitolewa magerezani kuja kupiga kura. Alasiri ya siku ya pili, wabunge watatu wa BJP walisogea mbele ya meza ya Bunge wakiwa na mfuko, wakatoa mabunda ya noti na kuyainua juu mbele ya kamera, kamera zilezile ambazo Chatterjee ndiye aliyezifungulia mlango. Walidai wamepewa rupia milioni 10 ili wasipige kura. Ukumbi ukalipuka. Chatterjee aliahirisha kikao, akaita viongozi wa vyama na kuahidi uchunguzi, kisha akarudi kitini na kukiendesha kikao hadi kura. Serikali ilishinda kwa kura 275 dhidi ya 256. Yeye hakupiga kura, kwa kuwa hazikulingana.

Julai 23 viongozi wa juu wa CPI(M) walimfukuza kwa kauli moja, kwa kifungu cha katiba ya chama kinachoruhusu kumwondoa mwanachama papo hapo, kwa maelezo kwamba amekiathiri vibaya chama.

Kufukuzwa chama, kubaki na kiti

Hapa ndipo msomaji wa Tanzania atauliza: alibakije Spika? Kwetu Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikosa uanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge umekoma. Ndiyo maana Chadema ilipowafukuza wabunge wake 19 wa viti maalumu Novemba 2020, ubishi wote ukawa kama kufukuzwa kwenyewe kumekamilika kisheria, nao wakaendelea kukaa bungeni huku shauri likizunguka.

India sheria imekaa tofauti. Jedwali la Kumi linamwadhibu anayeondoka kwa hiari na anayekaidi agizo la mnadhimu katika kura. Aliyefukuzwa hakuondoka kwa hiari, na Spika ambaye hakupiga kura hakukaidi kura yoyote. Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaamua mwaka 1996, katika kesi ya G. Viswanathan kutoka Tamil Nadu, kwamba mbunge aliyefukuzwa machoni pa sheria anaendelea kuhesabiwa wa chama kilichomsimamisha. Kwa hiyo CPI(M) ilichoweza ni kumnyang’anya kadi. Kiti cha Bolpur na kiti cha Spika havikuwa mikononi mwake.

Kenya walilikata tatizo hili kwa njia nyingine: Katiba ya 2010 inataka Spika awe mtu ambaye si mbunge, mwenye sifa za kuwa mbunge. Tanzania mlango uko wazi kwa wote wawili, mbunge na asiye mbunge, ila chama kinabaki na mkono mrefu. Januari 2022 Spika Job Ndugai, aliyetoka CCM, alijiuzulu siku chache baada ya kauli yake kuhusu deni la taifa kumgonganisha na Rais, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama chake. Bunge halikuwa limepiga kura yoyote ya kumwondoa.

Chatterjee alimaliza muda wake hadi 2009. Februari mwaka huo, akiwa amechoshwa na kelele za wabunge waliovamia sehemu ya mbele ya ukumbi, aliwaambia hawastahili hata senti moja ya fedha za umma na kwamba anatumaini wote wataangushwa katika uchaguzi. Yeye mwenyewe hakugombea tena. CPI(M) ikaporomoka kutoka viti 43 hadi 16.

Hakurudishwa chamani hadi alipofariki Kolkata, Agosti 13, 2018, akiwa na umri wa miaka 89. Mwili wake ulipelekwa Mahakama Kuu alikoanzia kazi na katika jengo la baraza la kutunga sheria la West Bengal, alikopigiwa mizinga ya heshima, kabla ya kukabidhiwa hospitali kwa ajili ya masomo ya udaktari. Familia yake ilikataa mwili ufunikwe bendera nyekundu ya chama.

Upande wa sheria, mwanya uliombana Chatterjee uko palepale, na sasa unauma mahali pengine. Jedwali la Kumi ndilo linalompa Spika kazi ya kuamua nani amehama chama na apoteze kiti, na maspika wengi wamekuwa wakiyakalia mashauri hayo miezi na miezi pale aliyehama amehamia upande wao. Januari 2020, katika kesi ya mbunge wa Manipur, Mahakama ya Juu ililishauri Bunge litafakari kama kazi hiyo iendelee kuachiwa mtu ambaye bado ni mwanachama wa chama, au ipewe baraza la kudumu chini ya jaji mstaafu. Bunge halijaufanyia kazi ushauri huo. Juni 2024 uchaguzi wa Spika wa Lok Sabha ulipofika, upinzani ulisimamisha mgombea wake, jambo ambalo ni nadra sana katika historia ya Bunge hilo, na Om Birla wa BJP akachaguliwa kwa muhula wa pili kwa kura ya sauti, akiwa bado mwanachama wa chama chake.